Nyumba na Ardhi Iliyo Chini Yake

Jioni hii nimekusudia kuzungumza nanyi mintarafu ya ununuzi wa nyumba, nao ni muamala ambao watu wengi huufanya mara moja tu katika umri wao, kwa fedha walizozikusanya miaka thelathini, na ambao, wallahi, huufanya kwa uchunguzi mdogo kuliko ule wanaoufanya wakinunua mbuzi wa Idi, maana mbuzi hufunuliwa kinywa akatazamwa meno, akashikwa mgongo, akatembezwa asije akawa kiguru, ilhali nyumba hutazamwa rangi na mlango, kisha fedha zikahesabiwa.

Ninaye mkwe wangu mmoja, mzee wa rika la marehemu baba yangu, aliyekuwa karani bandarini Kilindini kwa muda mrefu, na alipostaafu akapewa kiinua mgongo chake, aliazimu asikae tena katika nyumba ya kupanga hata siku moja. Akapata nyumba Majengo, hapa Mombasa, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, yenye kisima cha maji matamu, jambo ambalo kila aliyekaa kisiwani anaijua thamani yake. Wala hakuwa mtu wa pupa, kwani alikwenda na fundi wake, wakagonga kuta kusikia pale palipo na uwazi, wakapanda juu kutazama boriti kama zimeingia mchwa, wakachungulia kisima, wakapima hata kina cha shimo la choo, na waliporidhika, wakaenda wakaandikiana mbele ya mashahidi, akalipa, akahamia na ahali zake, ikasomwa maulidi.

Mwezi wa nne akaja kijana mmoja, mwenye adabu zake, ana kitabu cha stakabadhi kwapani, akatoa salamu, akasema, "Mzee wangu, nimetumwa na wenye ardhi, nimekuja kwa kodi ya kiwanja, na ile ya miezi saba iliyobakizwa na aliyekutangulia."

Mzee akamwuliza, "Ardhi ipi, mwanangu?"

Kijana akajibu kwa upole, "Hii uliyoiwekea kiti chako, mzee."

Sisemi kwamba aliyemwuzia alimdanganya, kwa kuwa karatasi waliyoandikiana ilitaja nyumba, na nyumba akapewa. Lakini yule mzee alikuwa ameuliza yote yanayosimama juu ya ardhi, asiulize hata neno moja juu ya ardhi yenyewe, na tangu siku ile mas'ala haya yamenikaa moyoni, nikawa kila nikisikia mtu anatafuta nyumba humwuliza kwanza swali ambalo mkwe wangu hakuulizwa na mtu, nalo ni hili: unanunua nini hasa?

Msikilizaji wa bara huenda akastaajabu kwamba nyumba yaweza kuwa ya mtu na kiwanja kikawa cha mtu mwingine, kwani sheria iliyotoka Uingereza hushika kwamba kilichojengwa ardhini hufuata ardhi. Ada ya Mwambao, iliyoshikamana na sheria ya Kiislamu, haikuona hivyo. Tangu kale mtu aliweza kuwa na mnazi, na mwingine akawa na udongo ulioushika mzizi wake, na madafu yakaangushwa na mmoja huku mahindi chini yake yakivunwa na mwenziwe, pasiwe na ugomvi baina yao. Na kwa mujibu wa ada hiyo, mji wa Mombasa ulipokuwa ukipanuka, wenye mashamba walikata viwanja vyao wakavikodisha, naye aliyekodi akajenga nyumba ya gharama yake, akilipa kodi ya ardhi kila mwezi, na ndivyo ulivyoota Majengo, na ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi za Kisauni, Likoni na Changamwe. Watu wa huku huiita nyumba bila ardhi. Si aibu kununua nyumba ya namna hiyo, na wamo watu wema waliozaliwa na kuzikwa kutoka katika nyumba hizo. Lakini bei yake haiwezi kuwa bei ya nyumba na kiwanja chake, benki hazipendi kuipokea kuwa rehani, na siku mwenye ardhi atakapouza milki yake kwa tajiri mwenye haja ya kujenga ghorofa, mwenye nyumba atakuwa amesimama juu ya kitu kisicho chake.

Aidha, historia ya Mwambao wenyewe inazidi kuyatatiza mambo. Mwaka 1895 Sultani wa Unguja na Waingereza walifungamana mkataba juu ya ukanda wa maili kumi kutoka baharini, ukanda ambao ulibaki katika jina la Sultani huku ukitawaliwa na Mwingereza mpaka ulipoingizwa katika Kenya wakati wa uhuru, mwaka 1963. Na mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi ya Mwambao, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi alete dai lake mbele ya afisa wa hati na kulithibitisha, na ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na wino na mawakili walidai. Wengi wa Wamijikenda na wengineo waliokuwa wakilima na kuzika wafu wao pale pale hawakudai, ama kwa kutopata habari ama kwa kutoona maana ya kuthibitisha kwa karatasi jambo ambalo kila jirani alilijua. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 2012, na athari zake hazikufutika pamoja nayo. Ndiyo maana mpaka leo, katika sehemu nyingi kuanzia Vanga hadi Malindi na zaidi, yuko mwenye hati asiyepajua mahali, na yuko mwenye mahali asiyekuwa na hati, na mnunuzi mgeni huja akaonana na mmoja wao tu, asijue kwamba yuko na wa pili.

Sasa nije kwenye vipimo, na hapa naomba mnivumilie, kwani nitataja hesabu, na mwenye karatasi na kalamu karibu na azichukue.

Wazee wetu walipima kwa viungo vya mwili: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima, na mnunuzi wa bafta aliyekuwa na akili alitafuta muuza duka mwenye mikono mirefu. Vipimo hivyo vilifaa nguo na kamba, wala havikuacha kutumika katika ardhi. Ndugu zetu wa Tanzania, wakiuziana shamba, hushika kwamba eka ni hatua 70 kwa hatua 70, na kanuni hiyo si mbaya hata kidogo, kwa sababu eka ya sheria ni wari mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900, kwa hiyo mnunuzi hupata na ziada kidogo, maadam kila hatua ni wari kamili, yaani futi tatu. Lakini ni nani atembeaye kwa hatua ya futi tatu, katika majani, jua la saa saba likimwakia utosini? Mtu wa kimo cha kadiri, akienda mwendo wake, hatua yake hukaribia futi mbili na nusu, na ukizidisha hizo mara 70, kisha mara zenyewe, utapata futi mraba 30,625, ilhali eka nzima ni futi mraba 43,560. Pungufu hiyo ni kama sehemu tatu katika kumi, na hakuna aliyeiba; ni miguu tu ya mtu aliyetangulia mbele.

Huku kwetu kiwanja cha nyumba aghalabu hutajwa kwa jina la thumuni ya eka, na thumuni hiyo, dalali akiulizwa ina ukubwa gani, hujibu bila kusita, "Hamsini kwa mia." Tufanye hesabu. Futi 50 mara 100 ni futi mraba 5,000. Thumuni ya eka, kwa kuigawa ile 43,560 mafungu manane, ni 5,445. Zilizopotea katika ulimi wa dalali ni futi mraba 445, nazo ni zaidi ya chumba cha futi 20 kwa 22, yaani chumba cha kulaza watoto wanne na makabati yao. Na siku hizi vimeingia viwanja vya 40 kwa 80, vinavyoitwa thumuni vile vile na baadhi ya wauzaji, na hivyo ni futi mraba 3,200 tu, havifiki hata sehemu tatu katika tano za thumuni ya haki.

Hati ya Kenya haisemi futi wala thumuni, inasema hekta. Mnunuzi akifunua hati akaona 0.045, huona tarakimu ndogo zisizomwambia kitu, akafunga. Asifunge. Hekta moja ni mita mraba 10,000, kwa hiyo 0.045 ni mita mraba 450, na thumuni kamili ya eka ingeandikwa 0.0506, yaani mita mraba 506, hata hamsini kwa mia yenyewe ingeandikwa kama 0.0465. Basi hati isemayo 0.045 imekwisha kukuambia, kwa lugha yake, kwamba kiwanja hiki hakifiki thumuni wala hakifiki hamsini kwa mia, na anayekuuzia kwa jina la thumuni inampasa alieleze jambo hilo kabla ya kutaja bei.

Kuna na jambo la umbo, ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Mtu huja na utepe, akapima ubavu huu akapata 50, na huu 100, na wa upande wa pili kadhalika, akarudi nyumbani ameridhika, kumbe kiwanja kimelala upande kama kitanda cha kamba kilicholegea maungo, ambacho mbao zake nne hazikupungua hata inchi moja, lakini mlalaji anaona dhahiri kwamba nafasi imepungua. Dawa yake ni nyepesi na kila fundi mwashi anaijua: pima kutoka pembe mpaka pembe inayoielekea, kisha pima pembe mbili zilizobaki. Kiwanja cha 50 kwa 100 chenye pembe mraba sawasawa kitakupa futi 111 na inchi kama 10 pande zote mbili, na vipimo hivyo viwili vikitofautiana, basi ardhi yako ni ndogo kuliko mbavu zake zinavyodai, na tofauti ikizidi, ndivyo na upungufu unavyozidi.

Lakini yote hayo, ndugu zangu, ni bure ikiwa unapima pasipo pako. Kwanza yatafutwe mawe ya mpaka, ambayo wengi wetu tunayaita bikoni, nayo hayatafutwi kwa kuonyeshwa na dalali kwa kidole, "pale penye mwembe," bali hutafutwa na mpima ardhi mwenye leseni, akiwa na ramani ya upimaji mkononi. Gharama yake, ukiilinganisha na bei ya nyumba, ni ndogo mno. Na hapa kuna siri moja katika sheria ya Kenya ambayo ningependa kila mnunuzi aijue: mipaka iliyosajiliwa ni ya aina mbili. Iko iliyothibitishwa kwa upimaji kamili, ambayo kila pembe yake ina hesabu zake na jiwe lake. Na iko ya jumla, iliyochorwa katika ramani ya msajili kwa kufuata ua au njia, ambayo sheria yenyewe inasema ni ya kukadiria. Hati ya aina hii ya pili, hata ikiwa ni ya kweli kabisa, ukubwa ulioandikwa ndani yake ni makadirio, wala huwezi kwenda mahakamani ukadai kila mita iliyotajwa. Mtu anayenunua shamba la eka kumi huenda asijali. Anayenunua kiwanja cha nyumba, ambacho choo cha jirani kikisogea futi nne yeye hukosa mlango wa nyuma, hana budi kujali.

Baada ya ardhi, daftari. Hati iliyo mkononi mwa muuzaji ni nakala ya maneno. Maneno yenyewe yako katika ofisi ya msajili wa ardhi, na kila mwenye nambari ya kiwanja anaweza kwenda kuomba kuyapekua kwa ada ndogo, na vijana wa ofisi za mawakili huliita jambo hilo sachi. Mjini Nairobi kazi hii imeingizwa katika mtambo wa serikali uitwao Ardhisasa tangu mwaka 2021. Daftari lina sehemu tatu: ya kwanza hueleza mali yenyewe, nambari yake, ukubwa wake na ramani yake, na kama ni milki ya daima au ni ya kukodi kwa muda, ya pili hueleza mwenyewe ni nani, na aliipata lini na kwa nani, ya tatu hueleza mizigo iliyo juu yake, yaani rehani za benki, amri za mahakama, na vizuizi vilivyowekwa na wenye madai. Wanunuzi hukimbilia ya pili, wakaona jina la muuzaji limo, wakashukuru Mungu. Mimi hukaa zaidi katika ya tatu, na katika ya kwanza hutazama miaka, kwa kuwa mali ya kukodi kwa miaka 99 iliyoanza mwaka 1935 imebakisha muda usiozidi umri wa mtoto wa madrasa. Kisha upekuzi huo hurudiwa siku ile ile ya kulipa, maana daftari lililokuwa safi mwezi wa Rajabu laweza kuwa na rehani mwezi wa Shaabani.

Na je, daftari likiwa safi, hati ikiwa halali, mawe yakionekana, mnunuzi amesalimika? Mpaka miaka michache iliyopita wengi, hata wanasheria, walikuwa wakijibu kwamba ndiyo. Lakini mwezi wa Aprili mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu juu ya kiwanja kimoja kilichoko hapa hapa Nyali, kando ya bahari, na hukumu hiyo inafaa isimuliwe katika kila baraza. Kiwanja hicho kilikuwa kimetengwa kuwa uwanja wa wazi wa umma; mwaka 1989 kikagawiwa Rais wa wakati huo; baadaye kikauzwa kwa kampuni, na kampuni hiyo ikakiuza kwa nyingine, na kila mkono kikipita kikiwa na karatasi zake. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikauvunja ukuta ili watu wapate njia ya kwenda pwani, na mnunuzi wa mwisho akaenda kushitaki, akitoa hujja kwamba alinunua kwa nia njema na daftari lilimwonyesha mali isiyo na dosari. Mahakama ikasema kwamba hati peke yake haitoshi. Yatazamwe asili ya hati, ilivyopatikana mara ya kwanza, na ikiwa mgao wa kwanza ulikuwa batili, basi haukuzaa haki yoyote ya kumpa anayefuata, hata akiwa mwema wa nia. Kwa hiyo siku hizi mnunuzi huuliza: muuzaji alipata kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka afike kwa aliyegawiwa ardhi hiyo kwanza, na aone barua ya mgao, na ramani ya mpango wa mji ya wakati ule, ajue kama pale hapakuwa shule, au soko, au makaburi.

Kisha yako mambo ambayo hayakuandikwa katika daftari lolote, au yameandikwa mahali pengine. Nyumba yaweza kuwa ni wakfu, na wakfu hauuzwi. Makamishna wa Wakfu wana ofisi yao hapa Mombasa, na kuwauliza si kazi ya siku nzima. Yaweza kuwa ni mirathi isiyogawanywa, ambayo kaka mkubwa anaiuza kwa kuwa funguo ziko kwake, ilhali mama yao mjane ana thumuni yake ndani ya kuta hizo, na kila dada ana nusu ya fungu la kaka, na hakuna hata mmoja wao aliyeitwa. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu nimeona wanawake wakipata habari ya kuuzwa kwa nyumba ya baba yao kwa kuona mafundi wa mtu mwingine wakishusha mchanga mlangoni. Mnunuzi anayemwogopa Mwenyezi Mungu ataiomba karatasi ya Kadhi, atawataka warithi wote waje na watie sahihi zao, na akijua kwamba fungu limo katika ushirika, atakumbuka kwamba fiqhi ya Imamu Shafi inampa mshirika haki ya shufaa, yaani ya kununua yeye kabla ya mgeni. Mke wa muuzaji pia aulizwe, kwani nyumba wanayokaa mume na mke haiuzwi pasipo ridhaa ya wote wawili. Na kama unachonunua ni shamba la kulima, mauzo hayatimii bila idhini ya bodi ya ardhi, ambayo huombwa ndani ya miezi sita tangu mapatano.

Kwa wale wanaotamani nyumba ya kando ya bahari, nina neno la ziada. Msiende kuitazama wakati wa maji mafu, wala maji yakiwa yamekupwa, ufuko umeenea mweupe na kila mtu anaona anapata uwanja wa mpira. Nendeni siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mkakae mpaka maji yajae kabisa, mwone yanapofika. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, na hivyo kila hatua ambayo bahari hufika ni hatua ambayo hukuinunua. Nendeni pia siku ya mvua ya masika, mwone maji ya barabarani yanapita wapi, na mwaulize majirani kwa adabu, baada ya salamu na kahawa, kama ile njia inayokatiza uani ni ya desturi, maana njia iliyopitwa na wachota maji kwa miaka hamsini haitafungwa kwa geti jipya pasipo mzozo.

Dalali atakwambia kwamba kuna mtu mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Huenda ni kweli, na akija, na anunue. Mimi sijapata kumwona mtu aliyejuta kwa nyumba aliyoikosa wakati akisubiri kupekua. Niliowaona wakijuta ni wale waliolipa Alhamisi wakaenda kwa msajili Jumatatu.

Mwaka jana mpwa wangu, ambaye ni mwalimu, alipata nyumba ndogo Mtwapa, akaniambia, "Mjomba, ni thumuni." Nikamwambia ailete nakala ya hati, tukaona imeandikwa 0.045, tukakaa naye mezani tukaifanya ile hesabu niliyowafanyieni, na bei ikashuka kidogo kabla hata hatujapanda gari. Siku ya kwenda na mpima ardhi, yule mkwe wangu wa Majengo, ambaye bado anakaa katika nyumba yake na analipa kodi ya kiwanja kila mwezi bila kuchelewa, aliomba tumchukue. Nilidhani anataka kupunga upepo. Tulipofika, mawe matatu yalionekana mapema, na la nne halikuonekana. Mpima akatazama ramani, akahesabu, akasema kwamba lazima liko chini ya banda la kuku la jirani. Jirani alikuwa mama mmoja mtu mzima, akatukaribisha, akasema, "Wanangu, mimi nilijenga kwa kukisia tu, wala sikujua," akawatoa kuku wake mwenyewe, na mpwa wangu akachimba.

Kina cha shibiri moja hivi likatokea zege, na katikati yake kipande cha chuma kimesimama. Mzee akapiga magoti, akaupangusa udongo kwa kiganja, akaweka kidole juu ya chuma kile. Akaomba aonyeshwe katika ramani jiwe hilo ni lipi kati ya manne, akaonyeshwa, akalitazama kwa muda. Kisha akaushika ncha ule utepe, akaubana pale kwenye chuma, akamwambia mpwa wangu aende nao, pole pole, mpaka jiwe la pili.